Mchumia Juani Aachwe Ale Kivulini: Wiki za Mwisho za Mwogeleaji Chipukizi

Kila msimu wa kuogelea unapokaribia ukingoni na tarehe ya mashindano makuu kutangazwa, hutokea jambo moja katika mabwawa yetu ambalo halina budi kuzungumzwa waziwazi. Makocha huongeza saa za mazoezi. Wazazi huwaamsha watoto alfajiri kuliko ilivyo desturi. Mtoto aliyekuwa akiogelea mara nne kwa wiki hujikuta akiogelea mara sita au saba, na hata Jumapili yake ya kupumzika hunyakuliwa kwa hoja kwamba siku zimekwisha. Nia ni njema, wala hakuna awezaye kuwashutumu wazazi na makocha hao kwa uzembe. Hata hivyo, nia njema si ithibati ya njia njema, na katika jambo hili njia yenyewe humfikisha mtoto kwenye jukwaa la kurukia akiwa hoi kabla ya mbio kuanza.

Chanzo cha desturi hii si kigumu kukitambua. Sisi ni taifa lililolelewa na mitihani. Tangu mtoto aingie darasani hufundishwa kwamba wiki mbili kabla ya mtihani wa kitaifa ndizo za kukesha, kukariri na kujinyima usingizi, na kwamba anayelala wakati huo amejitakia kuanguka. Tumeichukua tabia hiyo ya darasani tukaitia majini, tukidhani kwamba misuli hukariri kama ubongo unavyokariri tarehe za historia. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Mwili haupati nguvu wakati wa mazoezi. Mazoezi huuchosha na kuuchakaza, nao hupata nguvu baadaye, unapojijenga upya katika mapumziko, chakula na usingizi.

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Msimu mzima wa mazoezi ndio jua lenyewe, nazo wiki za mwisho kabla ya mashindano ndizo kivuli. Mzazi anayemrudisha mtoto juani wakati wa kula humpokonya chakula alichokichuma kwa jasho lake mwenyewe.

Hebu tuangalie jinsi maarifa haya yalivyopatikana, ili asije mtu akasema ni falsafa ya wavivu. Huko Australia, katikati ya karne ya 20, kocha Forbes Carlile akishirikiana na Profesa Frank Cotton wa Chuo Kikuu cha Sydney walianza kuwachunguza waogeleaji kwa mizani ya sayansi. Waligundua kwamba mwogeleaji aliyepunguziwa mazoezi hatua kwa hatua kabla ya mashindano alikuwa na kasi kuliko yule aliyesukumwa hadi siku ya mwisho. Utaratibu huo wa kupunguza ulienea ulimwenguni, na leo hakuna timu ya taifa lililoendelea katika mchezo huu ambayo huingia mashindanoni bila kuufuata.

Tafiti zilizofuata zimetupa tarakimu. Mwaka wa 2007 wataalamu waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi walihitimisha kwamba kwa wanariadha waliokomaa, kipindi cha takriban wiki 2 ndicho chenye faida kubwa zaidi, ilimradi jumla ya umbali wa mazoezi ipunguzwe kwa asilimia 41 hadi 60, bila kupunguza kasi ya mazoezi wala idadi ya siku za mazoezi. Uchunguzi mwingine uliofanywa kuhusu waogeleaji waliojiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka wa 2000 ulionyesha kwamba katika wiki 3 za mwisho waliboresha muda wao kwa wastani wa takriban asilimia 2.

Asilimia 2 huenda ikaonekana kuwa kitu duni. Lakini hebu tupige hesabu. Msichana anayeogelea mita 200 kwa dakika 2 na sekunde 30, akiboresha muda wake kwa asilimia 2, atamaliza sekunde 3 nzima mapema zaidi. Katika bwawa, sekunde 3 ni umbali wa mita kadhaa, nao ndio unaotenganisha medali na nafasi isiyokumbukwa na mtu. Faida hiyo haipatikani kwa kununua chochote. Hupatikana kwa kumwacha mtoto apumzike kwa utaratibu.

Ni muhimu msomaji aelewe maana ya utaratibu hapa, maana wapo wanaosikia neno mapumziko wakadhani mtoto aachwe akae mbele ya televisheni wiki mbili. La hasha. Mwogeleaji akikaa nje ya maji kwa muda mrefu hupoteza kile ambacho wenyewe huita hisia ya maji, yaani ule ujuzi wa kiganja kuyashika maji badala ya kuyapasua tu. Kwa hiyo siku za mazoezi hubaki zilezile au hupungua kidogo. Kinachopungua ni wingi. Aliyekuwa akiogelea mita 4,000 kwa siku hushuka hadi 3,000, kisha 2,000. Ndani ya mita hizo chache humo mizunguko mifupi ya kasi kamili, mita 25 au 50, na kila mzunguko ukifuatwa na muda wa kutosha wa kuvuta pumzi. Kasi hailegezwi, kwa kuwa mwili usiokumbushwa kasi husahau upesi.

Ndani ya misuli hutokea mengi wakati huo. Nyuzi zilizochanika kwa mazoezi huungana. Sukari ambayo mwili huiweka akiba katika misuli, na ambayo mazoezi makali huimaliza kila siku, hurejea na kujaa. Usingizi huwa mzito zaidi, na hasira za uchovu ambazo mzazi alizidhania kuwa ukaidi hupungua. Wakati mwingine mtoto hulalamika katika siku za kwanza kwamba anahisi mzito majini, na hapo ndipo kocha asiyejua hubabaika akamrudishia mzigo. Kocha ajuaye humwambia mtoto kwamba uzito huo ni wa kupita, naye huushikilia mpango wake.

Pamoja na hayo yote, mtoto si mtu mzima mdogo. Wiki 2 au 3 nilizozitaja ziliwahusu waogeleaji waliokomaa, wenye misuli mikubwa na waliobeba mzigo mkubwa wa mazoezi kwa miezi mingi. Mtoto wa miaka 10 au 11 hurejesha nguvu zake haraka mno, na makocha wenye uzoefu humpunguzia mzigo kwa siku chache tu. Kijana wa miaka 16 ambaye mabega yake yamepanuka huhitaji muda mrefu zaidi. Vilevile anayeogelea mbio fupi za mita 50 na 100 huhitaji kupumzika zaidi ya yule wa mita 800 na 1,500. Kocha anayewapa watoto 40 wa rika zote ratiba moja iliyobandikwa ukutani hajawatendea haki, hata kama ratiba yenyewe imenakiliwa kutoka kwa bingwa wa dunia.

Hapa kuna pingamizi ambalo ni halali, nami nisingependa kulipuuza. Wapo watakaosema kwamba watoto wetu wengi hawana mzigo wa kupunguziwa. Mwanafunzi anayepata saa tatu tu za bwawa kwa wiki, tena katika bwawa lililojaa watu, apunguziwe nini? Wanaosema hivyo hawajakosea. Mtoto wa namna hiyo hana haja ya wiki mbili za mapumziko; siku mbili au tatu zinamtosha, na siku zake zilizobaki azitumie kujifunza. Lakini pingamizi hili haliwi kibali cha kumjazia saa kumi katika wiki ya mwisho ili kufidia miezi iliyopotea. Shamba halipaliliwi usiku wa kuamkia mavuno. Ambacho hakikufanywa Februari hakiwezi kulipwa siku nne kabla ya mashindano, na kujaribu kukilipa ni kumwongezea mtoto uchovu juu ya upungufu.

Sasa, ikiwa mita zimepunguzwa, saa zilizobaki zifanye nini? Jibu ni kwamba zitumike katika mambo madogo ambayo aghalabu hupuuzwa msimu mzima. La kwanza ni kuanza. Sheria za leo hazimpi mwogeleaji nafasi ya pili. Anayeruka kabla ya ishara huondolewa mashindanoni papo hapo. Wapenzi wa mchezo huu wanamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyeogelea peke yake katika mchujo wa mita 100 mtindo huru huko Sydney mwaka wa 2000. Alikuwa amejifunza kuogelea kwa miezi michache tu katika bwawa dogo la hoteli, na alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72 huku umati ukimshangilia. Wanachosahau wengi ni kwa nini alikuwa peke yake. Wapinzani wake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya wakati. Walisafiri hadi Olimpiki wasipate hata kuogelea.

La pili ni kugeuka ukutani. Katika bwawa la mita 25, mbio za mita 200 zina migeuko 7. Katika bwawa la mita 50 migeuko ni 3 tu. Shule na klabu zetu nyingi zina mabwawa ya mita 25 au mafupi zaidi, ilhali mashindano makubwa ya kitaifa mara nyingi huandaliwa katika bwawa la mita 50 la Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka wa 1987. Mtoto aliyezoea kupumzishwa na ukuta kila baada ya mita 25 hushtuka akifika katikati ya Kasarani na kuuona ukuta bado uko mbali. Akipatiwa hata siku moja ya kuogelea huko kabla ya mashindano, mshtuko huo humtoka. Ikishindikana, aelezwe mapema, apangiwe namna ya kugawa nguvu zake, na afundishwe asizimalize zote katika mita 50 za mwanzo.

La tatu ni kumaliza. Mwaka wa 1988 mjini Seoul, Anthony Nesty wa Suriname, nchi ndogo ambayo wakati huo ilikuwa na bwawa moja tu la mita 50, alimshinda Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 za kipepeo kwa sekunde 53.00 dhidi ya 53.01. Miaka 20 baadaye mjini Beijing, katika mbio zizo hizo, Michael Phelps alimshinda Milorad Čavić wa Serbia kwa sekunde 50.58 dhidi ya 50.59. Mara zote mbili tofauti ilikuwa sehemu moja kati ya mia za sekunde, na mara zote mbili aliyeshindwa aliuelea ukuta badala ya kuupiga. Kugusa ukuta kwa nguvu hakuhitaji mapafu makubwa wala bwawa la kifahari. Kunahitaji kocha atakayesimama ukingoni na kukataa kukubali mguso wa kizembe hata mara moja.

La nne ni sheria za mitindo. Katika kipepeo na mtindo wa chura, mikono yote miwili lazima iguse ukuta kwa wakati mmoja. Katika kuogelea chali, mwogeleaji lazima amalize akiwa bado chali. Katika mtindo huru, kipepeo na chali, kichwa lazima kiwe kimechomoza juu ya maji ifikapo mita 15. Ni huzuni kumwona mtoto aliyefanya kazi mwaka mzima akiambiwa na mwamuzi kwamba muda wake hautahesabiwa kwa sababu ya mkono mmoja uliotangulia. Makosa ya aina hiyo hayatibiwi kwa mita 5,000 za ziada. Hutibiwa kwa dakika 15 za utulivu kila siku.

Tukitoka majini, mambo ya nyumbani yana uzito uleule. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mtoto anayeamshwa saa kumi za alfajiri kwenda bwawani, kisha akakaa darasani hadi jioni, kisha akafanya kazi za ziada hadi saa nne za usiku, hawezi kuzipata saa hizo kwa hesabu yoyote ile. Shule na klabu zikae pamoja katika wiki za mwisho zikubaliane ni alfajiri zipi zitaachwa. Kumlaza mtoto ni sehemu ya mazoezi sawa na kumwogelesha.

Chakula nacho kisifanyiwe ajabu. Wiki ya mashindano si wakati wa kumjaribia mtoto vyakula vigeni. Ugali, wali, viazi, ndizi, maharagwe, samaki, mayai na matunda aliyoyazoea vitamfaa kuliko unga wa kopo uliosifiwa na muuzaji. Juu ya makopo hayo nisisitize zaidi. Nchi hii imeaibishwa vya kutosha na visa vya dawa zilizopigwa marufuku katika riadha, hadi Bunge likapitisha sheria ya kupambana nazo mwaka wa 2016. Kopo lenye picha ya misuli halielezi kila mara kilichomo ndani, na mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa kila kitakachopatikana mwilini mwake. Mtoto wa miaka 13 hahitaji kopo lolote ili aogelee mita 100.

Mavazi vilevile yamekuwa mtego wa wazazi. Kati ya mwaka wa 2008 na 2009 dunia ilishuhudia mavazi ya plastiki yaliyoelea na kubana mwili, hata katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka wa 2009 zikavunjwa rekodi 43. Shirikisho la kimataifa liliyapiga marufuku kuanzia Januari 1, 2010, likitaka mavazi yawe ya kitambaa na yasifunike mwili mzima. Funzo ni kwamba hata wakuu wa mchezo walitambua kuwa ubingwa haupaswi kununuliwa dukani. Mzazi anayekopa ili amvalishe mtoto wa miaka 11 vazi la mabingwa angemfaa zaidi kwa miwani ya majini isiyovuja na taulo mbili kavu.

Taulo kavu si mzaha, hasa kwetu. Mwezi Julai asubuhi ya Nairobi huwa na baridi kali, na mabwawa yetu mengi hayana mitambo ya kuyapasha maji moto, ilhali kanuni za kimataifa zinataka maji ya mashindano yawe kati ya nyuzi 25 na 28. Mtoto anayetoka majini akaketi na nguo mbichi saa mbili akingojea mbio zinazofuata hutetemeka, na mwili unaotetemeka unatumia akiba aliyoiweka kwa wiki mbili. Avishwe soksi, sweta na kofia, anyweshwe kitu cha moto, na apashe misuli moto tena kabla ya kila mbio.

Wanaotoka Pwani wana jambo la ziada la kuzingatia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nayo hewa yake ni nyepesi. Kijana wa Mombasa hataona tofauti kubwa katika mita 50, lakini katika mita 200 na 400 pumzi itamwishia mapema kuliko alivyotarajia. Alijue hilo kabla, aanze kwa utulivu, wala asidhani kwamba amezorota ghafla. Na zaidi ya yote, asisafirishwe kwa basi la usiku kucha akashushwa asubuhi na kuingizwa majini. Timu inayofanya hivyo ili kuokoa gharama ya kulala usiku mmoja imetupa gharama ya msimu mzima.

Nimezungumza juu ya mwili. Nizungumze sasa juu ya roho. Mwaka wa 2008 mjini Beijing, Mkenya mwenzetu Jason Dunford aliogelea mita 100 za kipepeo katika mchujo kwa sekunde 51.14, muda uliokuwa rekodi ya Olimpiki hadi Čavić alipoupita siku iyo hiyo. Dunford alifika fainali, akamaliza wa 5 kwa sekunde 51.47. Medali ya shaba ilichukuliwa kwa sekunde 51.12. Msomaji atajionea mwenyewe jinsi pengo kati ya siku moja na nyingine lilivyo dogo na jinsi lilivyo ghali. Hakuna wa kumlaumu Dunford, kwa kuwa kuwa wa 5 duniani ni fahari, na mwaka wa 2010 aliliongezea taifa dhahabu ya mita 50 za kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. Ila tukio hilo linatukumbusha kwamba hata mwanamume aliyekomaa hafanani kila siku. Iweje basi tumtake mtoto wa miaka 12 aboreshe muda wake kila anapoingia majini?

Kwa upande mwingine yuko Ahmed Hafnaoui wa Tunisia. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021 aliingia fainali ya mita 400 mtindo huru akiwa wa mwisho kati ya 8, akapangwa katika njia ya pembeni kabisa, akashinda dhahabu akiwa na umri wa miaka 18. Kocha angependa kila mtoto akijue kisa hicho. Mchujo ni mlango tu wa kuingilia, na anayeingia wa mwisho huketi ndani sawa na wenzake.

Tena tusisahau kisa cha Shane Gould, msichana wa Australia aliyefunzwa na Carlile yule yule niliyemtaja. Mwaka wa 1972 mjini Munich, akiwa na miaka 15, alishinda medali 5, 3 kati yazo zikiwa za dhahabu. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 16, aliuacha mchezo. Alikuwa amebeba matumaini ya nchi nzima kabla hajamaliza utoto wake. Mtoto anaweza kuandaliwa kikamilifu kwa mashindano na bado akapotea, ikiwa waliomzunguka hawakujua kwamba baada ya mashindano kuna maisha.

Hilo ndilo linalonishughulisha zaidi. Mwisho wa msimu ndio wakati ambapo watoto wengi huamua kimoyomoyo kama watarudi bwawani au la. Mtoto aliyefika hoi, akashindwa, kisha akahojiwa garini njia nzima hadi nyumbani kwa nini ameshindwa, hatangazi kwamba ameacha. Huanza kuumwa na tumbo siku za mazoezi. Husahau mfuko wake shuleni. Mwishowe mzazi husema kwamba mtoto wake hakuwa na kipaji, kumbe kipaji kilikuwepo na kilichochoka ni moyo.

Shinikizo hili lina sababu zake. Wazazi wanajua kwamba kuogelea kumewafungulia vijana wa Kenya milango ya vyuo vikuu ng'ambo. Ndugu wawili wa ukoo huo wa Dunford walisoma na kuogelea Marekani, Jason katika Stanford na David katika Chuo Kikuu cha Arizona. Tamaa ya mzazi kumwona mwanawe akifika huko si dhambi. Lakini walimu wa vyuo hivyo humtafuta kijana wa miaka 17 na 18 ambaye bado anakua, wala hawaulizi nani alikuwa bingwa wa chini ya miaka 10. Phelps mwenyewe, aliyekuja kuwa bingwa wa mabingwa, aliondoka Sydney mwaka wa 2000 bila medali yoyote, akiwa wa 5 katika mbio zake za pekee. Samaki hukunjwa angali mbichi, ndivyo tulivyoambiwa. Hatukuambiwa avunjwe mgongo.

Uchache wa waogeleaji wetu huzidisha tatizo. Mabwawa yako katika hoteli, klabu na shule za watu wenye uwezo, na watoto wa shule za umma, hata wale wanaoishi kando ya Bahari Hindi na Ziwa Victoria, hawayafikii. Kwa hiyo timu hutegemea watoto wachache, na mtoto mmoja hodari huandikishwa katika mbio saba, pamoja na mbili za kupokezana, ili pointi zipatikane. Ratiba ya mapumziko iliyoandaliwa kwa uangalifu huharibiwa siku moja kwa uroho wa kombe. Dawa ya kudumu ni kupanua uwanja: kaunti zijenge mabwawa machache yenye walimu na waokoaji, shule za kibinafsi zifungulie jirani zao milango baadhi ya saa. Tukiwa na waogeleaji wengi, hatutakuwa na haja ya kumkamua mmoja. Na watoto watakaojifunza kuogelea, hata wasipopata medali, watakuwa na ujuzi unaookoa maisha katika nchi ambayo maji huua kila mwaka.

Wakuu wa mchezo nao wana wajibu. Migogoro ya uongozi iliyoukumba mchezo huu hapa nchini kwa miaka mingi imeonekana zaidi katika kalenda. Kocha hawezi kupanga mapumziko ya wiki mbili ikiwa tarehe ya mashindano hutangazwa siku kumi kabla, kisha ikaahirishwa, kisha ikarudishwa. Kalenda itolewe mwanzoni mwa mwaka na iheshimiwe. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji watu wazima kutimiza ahadi zao.

Basi katika msimu huu unaoelekea tamati, naomba kila mhusika ajiulize swali moja kabla ya kuongeza saa yoyote ya mazoezi: je, saa hii ni ya mtoto au ni ya wasiwasi wangu? Kocha aandike mpango wake na awaeleze wazazi sababu zake, ili anapowaambia watoto watoke majini mapema asidhaniwe mvivu. Mzazi ajifunze maneno mawili ya kumwambia mwanawe baada ya mbio, ziwe zimeshindwa au zimeshindikana: nimefurahi kukuona. Mengine yatasemwa na saa ya mwamuzi, nayo haina upendeleo. Mtoto amekwisha chuma kwa miezi mingi juani. Tumpishe kivulini ale.